Andika kabla sakafu haijakauka

Barua tano za mwezi huu zimeandikwa na watu wasiojuana, lakini nilipozisoma mfululizo nimeona zote zinazunguka jambo moja: mtu ameumia kazini, na sasa kuna wanaosema, wanaoandika na wanaonyamaza. Kwa mliojiunga nasi karibuni, kabla ya kushika safu hii nilikuwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda, kisha msimamizi wa usalama papo hapo. Sheria nimeijua kwa kukaa na mawakili wa pande zote mbili, sikuisomea darasani. Kwa hiyo haya ni ya kukufungua macho. La kesi yako lipeleke kwa wakili wa nchini kwako, na la mwili wako kwa daktari atakayekugusa kwa mikono yake.

Karatasi ya "sina madai"

"Mama, shikamoo. Nafanya kazi ghalani. Wiki iliyopita niliteleza kwenye ngazi iliyokuwa imepigwa deki bila kuwekwa alama yoyote, nikavunjika mkono wa kushoto. Bosi amelipa hospitali yote. Ila ameniomba nisiandikishe ajali ili tusiharibiane, na jana kaniletea karatasi nisaini kwamba nimepokea msaada na sina madai tena. Nikikataa nitaonekana sina shukrani. Nifanyeje? Wa Ghalani."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mkono. Karatasi hiyo usiisaini bado. Simsemi vibaya bosi wako, huenda nia yake ni safi kabisa. Lakini maneno "sina madai tena" yakishasainiwa yanasimama yenyewe, na atakayeyasoma baadaye hataiona nia ya mtu. Mfupa unaweza kuunga vizuri na bado ukakuachia mkono usiokunjuka sawasawa, au usioshika kitu kwa nguvu kama zamani, na hilo wiki ya kwanza hakuna anayeweza kulijua, hata daktari. Mwambie kwa upole: "Bosi, nakushukuru kwa hospitali, sitaisahau. Karatasi hii naomba niende nayo nyumbani nikaisome na mtu anayeijua sheria." Mwenye nia njema hana sababu ya kuchukia hapo.

La kutoandikisha ajali, usimkubalie. Andikisha, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Halafu usiku huu huu chukua daftari lako mwenyewe uandike kila unachokumbuka: saa ngapi, ngazi ya ngapi kutoka juu, ulivaa viatu gani, ulibeba nini na kwa mkono upi, kama kulikuwa na cha kushika, taa zilikuwaje, nani alifika wa kwanza na alisema nini. Sakafu yenye maji hukauka ndani ya nusu saa, na kumbukumbu ya watu haikawii nayo. Ukiweza, mtume mwenzako apige picha ya ngazi ilivyo. Viatu ulivyovaa usivitupe wala usivioshe. Aliyekuona ukianguka mwombe aandike mwenyewe, kwa maneno yake. Usimwandikie wewe, maana shahidi aliyeandikiwa hutikisika akiulizwa swali la pili. Na ukirudi kliniki, mwambie daktari waziwazi kwamba ulianguka kazini, kwenye ngazi iliyolowa, na uhakikishe ameandika hivyo kwenye faili.

Nina sababu ya kushikilia hili la kuandika. Mwaka wangu wa tatu zahanatini aliletwa kijana wa mashine ya kukata mbao, kidole cha shahada amekizungushia kitambaa kilicholowa damu hadi kinadondosha. Nikiwa namsafisha, mkuu wa zamu alisimama mlangoni akanisomea cha kuandika kwenye daftari la ajali: "Alijikata kwa kutokuwa makini." Nikaandika. Sikuwepo alipokatika, sikumuuliza mwenyewe, na sikwenda kuitazama mashine. Baadaye ikajulikana kwamba kinga ya ule msumeno ilikuwa imetolewa siku nyingi ili kazi iende haraka. Lakini kila aliyefungua jalada lile, kuanzia mtu wa bima hadi wakili wa upande wa pili, alianza kusoma na mstari wangu. Kijana alihangaika muda mrefu kuupinga, na mwishowe alipata pungufu ya haki yake. Mwandiko ulikuwa wangu. Tangu hapo, kwenye daftari la ajali nimeandika mambo mawili tu: anachosema majeruhi kwa kinywa chake, na ninachokiona kwa macho yangu.

Sasa upande wa haki yako. Katika nchi nyingi mfanyakazi ana milango miwili. Wa kwanza ni mfuko au bima ya fidia kwa walioumia kazini, mpango ambao Ujerumani iliuwekea sheria mwaka 1884 na nchi nyingi zikaufuata. Hapo kwa kawaida huhitaji kuonyesha kosa ni la nani, inatosha kwamba umeumia ukiwa kazini. Mlango wa pili ni madai ya uzembe mahakamani, na huo una masharti zaidi: uonyeshe kwamba mtu alikuwa na wajibu wa kukulinda, kwamba hakuutimiza, na kwamba hapo ndipo ulipoumia na kupata hasara. Huhitaji kuondoa kila shaka kama kwenye kesi ya jinai. Kwenye nchi nyingi inatosha mizani ielemee upande wako. Ziko nchi ambazo ukipita mlango mmoja, mwingine unafungwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumwona wakili mapema.

Usiogope wakikuambia nawe ulikuwa na kosa kwa kushuka haraka. Uingereza, kwa mfano, tangu sheria ya mwaka 1945 kosa la majeruhi humpunguzia fidia kwa kiasi cha kosa lake, halimnyang'anyi yote. Kinachonyang'anya yote ni muda. Uingereza kesi ya kuumia kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. California ni miaka 2, na huko mfanyakazi anatakiwa kumwarifu mwajiri ndani ya siku 30. Swali lako la kwanza kwa wakili liwe hilo: siku yangu ya mwisho ni lini? La pili: analipwaje, na kesi ikishindwa nadaiwa nini?

Kifundo kilichovimba

"Nimeteguka kifundo cha mguu nikishuka kwenye lori. Kimevimba kama yai. Nipige eksirei au nisubiri? Msomaji wa Siku Nyingi."

Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitengeneza mwaka 1992 kipimo kinachotumika hadi leo, na unaweza kukitumia hapo ulipo. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya zile nundu mbili za mfupa, ya nje na ya ndani. Kisha jaribu kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Ikiwa mfupa wenyewe unauma unapobonyezwa, au hatua nne zimekushinda, nenda kapigwe picha. Bonyeza pia mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo. Nao ukiuma, nenda. Kama yote hayo hayapo, uwezekano wa kuwa umevunjika ni mdogo sana. Funga bandeji isiyobana sana, inua mguu ukikaa, na uanze kuuchezesha mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Barafu ni ya kutuliza maumivu, dakika 10 hadi 15 juu ya kitambaa, na haiharakishi kupona. Mguu ukiwa umepinda, umekuwa wa baridi au umekufa ganzi, usibonyeze chochote, nenda hospitali sasa hivi.

Wiki ya tatu kitandani

"Mama, nina miaka 41. Nilinyanyua boksi kazini kiuno kikakaza, sikuweza kusimama wima. Leo ni wiki ya tatu nimelala. Daktari alisema nitembee, lakini rafiki yangu anayejua mambo ya kesi kaniambia nikionekana natembea, fidia imekufa. Nami nikiinama naogopa diski itachomoka. Niliyelala."

Inuka, baba. Nakuambia kwa upendo na kwa haraka, kwa sababu kila siku unayoongeza hapo kitandani inakuibia.

Mwaka 1995 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki walioshikwa na mgongo kama wewe. Kundi moja lililazwa siku mbili, la pili likapewa mazoezi maalumu, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kadiri linavyoweza kuvumilia. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa tatu, na waliochelewa ni wale waliolala. Hao walilala siku mbili tu. Wewe uko wiki ya tatu, misuli inayoushika uti wa mgongo imekosa kazi, na hofu nayo imepata nafasi ya kukua.

Diski haichomoki kama kizibo cha chupa. Imeshikana na pingili ya juu na ya chini, na kuzunguka kuna kano ngumu. Inaweza kutokeza na kugusa neva, ndiyo, na wengi wanaopatwa na hilo hupona bila kupasuliwa. Ukiinama ukasikia maumivu, mara nyingi ni misuli iliyojikaza kukulinda, na maumivu hayo hayana maana kwamba kuna kitu kinachanika. Anza leo: dakika tano ndani ya nyumba, pumzika, na baada ya saa moja tano nyingine. Kesho ongeza dakika mbili. Usisubiri maumivu yaishe ndipo uanze. Kipimo chako kiwe hiki: yakiongezeka kidogo ukitembea lakini yakarudi chini baada ya kupumzika, uko salama kuendelea. Wengi wanaoshikwa hivi huwa wamepata nafuu kubwa ndani ya wiki sita. Ukifika mahali pazuri, lenga dakika 150 za kutembea kwa kasi kwa wiki, kile kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani limewawekea watu wazima, pamoja na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Usifike huko kwa wiki moja.

Lakini yapo mambo ambayo ukiyaona hutakiwi kutembea dakika tano, unatakiwa kwenda hospitali usiku huo huo: ganzi sehemu za siri au mahali unapokalia, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila habari yako, haja kubwa kukuponyoka, mguu kulegea na kuzidi kulegea. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, au kupungua uzito bila sababu, navyo vifikishe kwa daktari mapema.

Sasa rafiki yako. Amekupa ushauri unaoweza kukuangusha mara mbili. Katika mifumo mingi ya sheria aliyeumia ana wajibu wa kujitahidi kupunguza hasara yake mwenyewe. Daktari ameandika "atembee", wewe umelala. Upande wa pili watalisoma hilo wakisema ulemavu uliobaki umejitakia. Na fidia hailipwi kwa sababu hukutembea, inalipwa kwa kile ulichokipoteza ukiwa unajitahidi kupona. Nimeona mtu mwenye jeraha la kweli kabisa akishindwa kwa sababu alimwambia daktari hawezi kunyanyua mkono, kisha ikaletwa video anamnyanyua mwanawe. Mkono ulikuwa unamuuma kweli! Angesema "naweza, ila baada ya hapo nalala na maumivu," asingekuwa na cha kuogopa. Kwa hiyo shika daftari: leo nimetembea dakika ngapi, nimeweza nini, nimeshindwa nini, usiku nimeamka mara ngapi. Andika na siku nzuri pia. Daftari lenye siku mbaya tupu halimshawishi mtu.

Na lile boksi, lipimwe. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, katika hesabu yake ya kunyanyua mizigo ya mwaka 1991 iliweka kilo 23 kuwa kikomo kunapokuwa kuzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno hivi, hujipindi, una mahali pa kushika. Ukiuokota sakafuni mikono ikiwa imenyooka mbele, kikomo kinashuka sana. Uzito wa boksi, urefu wa rafu na idadi ya maboksi kwa saa ndivyo vitakavyomsaidia wakili wako.

Zamu isiyo na makosa

"Nimepandishwa cheo miezi minne iliyopita, naongoza zamu ya watu 14 ambao wote walikuwa wenzangu. Tangu nianze hakuna aliyeripoti kosa wala ajali hata moja. Meneja ananipongeza. Mimi sina amani, nakumbuka tulivyokuwa tunaficha. Kiongozi Mpya."

Hongera, na hongera zaidi kwa kukosa amani. Umeona ambacho meneja wako hajakiona.

Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya kutoa dawa kwenye wodi za hospitali. Alitazamia timu zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikwa. Alipofuatilia akaona kilichotofautiana ni uhuru wa kusema. Kwenye wodi nyingine watu walikuwa wanakosea na kunyamaza.

Kunyamaza kunaua. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu, moja ikiwa inashika kasi kuruka na nyingine ingali njiani mbele yake. Walikufa watu 583. Sekunde chache kabla, mhandisi wa ile inayoruka aliuliza kama wenzao wameshatoka kwenye njia. Rubani mkuu, mtu mzoefu na mwalimu wa marubani, akajibu kwa uhakika kwamba wametoka. Mhandisi hakuuliza tena. Baada ya hapo sekta ya ndege ilianza kuwafundisha wadogo kurudia swali, na wakubwa kulipokea.

Kwako wewe, kazi ipo kwenye uso wako. Atakayekuja wa kwanza kukuambia "kiongozi, nimekosea", watu 13 waliobaki watatazama utakavyokunja uso. Mshukuru mbele yao, kisha uliza "ilikuwaje?" kabla ya kufikiria "nani?" Kila mwisho wa wiki chukua dakika kumi uulize: wiki hii nini kilikaribia kutuumiza? Anza na lako. Mara ya kwanza watanyamaza, nawe nyamaza nao, usijaze ukimya kwa hotuba. Na kitakachotajwa, hata kiwe taa moja iliyoungua, kirekebishwe ndani ya siku mbili. Nilipokuwa msimamizi wa usalama, kilichofungua midomo ya watu ilikuwa ni fundi aliyekuja kukaza reli ya ngazi siku moja baada ya mama wa usafi kuitaja. Mabango yangu yote hayakuwahi kufanya hivyo.

Unaporekebisha, anza na kitu kabla ya mtu. Hatari yenyewe iondolewe ikiwezekana. Ikishindikana, ibadilishwe na kilicho salama zaidi. Kisha kinga ya mashine, kisha utaratibu, na glovu na kofia ngumu ziwe za mwisho. Viongozi wengi huanza na glovu kwa kuwa zinanunulika upesi. Na mfanyakazi akikataa kazi kwa sababu za msingi za kuona hatari kubwa iko mbele yake, usimwadhibu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mtu huyo alindwe.

Meneja wako mwandae mapema: "Miezi mitatu ijayo idadi ya ripoti itapanda. Usishtuke, tumeanza kuonana." Akishtuka, mwonyeshe vilivyorekebishwa.

Kuomba radhi

"Mfanyakazi wangu ameanguka, yuko hospitalini. Nataka nikamwone nimwombe radhi. Wakili wa kampuni anasema nisithubutu, nitakuwa nimekiri kosa. Mwajiri."

Wakili wako analinda kampuni, na hofu yake ina msingi kwenye nchi ambazo sheria iko kimya. Lakini wabunge wa sehemu mbalimbali wameliona tatizo hilo. Massachusetts, Marekani, iliweka sheria mwaka 1986 kwamba maneno ya huruma baada ya ajali hayatumiki kama ushahidi wa kukiri. England na Wales zikasema mwaka 2006 kwamba kuomba radhi peke yake si kukubali uzembe. Muulize wakili wako swali lililo sahihi: sheria ya hapa kwetu inasemaje kuhusu radhi, na nina nafasi ya kusema nini?

Popote ulipo, kumtembelea mgonjwa si kosa. Nenda. Sema "nimeumia kusikia umeumia, nimekuja kukuona." Mwambie mshahara wake unakwendaje wakati huu na nani anafuatilia matibabu yake, maana wagonjwa wengi hulala wakihesabu siku za mshahara kuliko siku za kupona. Ya nani alikosa, usiyajadili kitandani, wala usimwulize maswali ya uchunguzi akiwa amepewa dawa za maumivu. Mwache azungumze. Akitaja kitu, kama ngazi, taa au mashine, kiandike ukitoka kwa maneno yake hasa, na kesho asubuhi nenda ukakitazame wewe mwenyewe. Na uendapo hospitalini, usiende na karatasi ya kusaini.